Kisiwa Kisichokaa Mahali Pamoja

Msomaji, chukua ramani ya Marekani uitazame pwani yake ya mashariki, ile inayokabili bahari ya Atlantiki. Utaona kuwa mahali pengi nchi kavu haikutani na bahari kuu uso kwa uso. Mbele ya bara vimetandazwa visiwa vyembamba, virefu, vikifuatana kama upindo wa nguo, na kati ya visiwa hivyo na bara mna maji matulivu ya chumvi yasiyo na kina kirefu. Visiwa hivyo havikusimama juu ya jabali wala juu ya matumbawe. Ni mchanga mtupu, uliorundikwa na mawimbi na kupangwa na upepo. Kazi yao, kama mchanga waweza kusemwa kuwa una kazi, ni kupokea mapigo ya bahari kabla hayajalifikia bara. Na kwa sababu hiyo huhesabiwa kuwa visiwa vya kinga.

Kimoja katika visiwa hivyo huitwa Assateague. Urefu wake ni maili 37, na upana wake ni mdogo mno. Ziko sehemu ambazo mtu aweza kutoka upande wa bahari kuu akafika upande wa hori kwa mwendo wa dakika chache tu. Sehemu yake ya kaskazini imo katika jimbo la Maryland, na ya kusini imo katika jimbo la Virginia. Hapana mji juu yake, wala hoteli. Kisiwa kizima, isipokuwa vipande vichache, ni mali ya umma, nacho kimegawanywa kati ya walinzi watatu: hifadhi ya taifa ya ufuo, makimbilio ya wanyama na ndege katika upande wa Virginia, na hifadhi ndogo ya jimbo la Maryland yenye ufuo wa maili 2. Mgeni hufika kwa daraja, hulipa kiingilio, hutembea, huoga baharini, na akitaka kulala hulala hemani.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimezaliwa mbele ya mchanga na nimecheza juu yake kabla sijajua kusoma. Riziki na masomo vilinipeleka kukaa kwa muda karibu na pwani hiyo ya Maryland, na kwa kuwa mtu wa pwani hawezi kustahimili siku nyingi bila ya kuiona bahari, nilikwenda Assateague mara kwa mara, wakati wa joto na wakati wa baridi. Nataka nikueleze niliyoyaona na niliyojifunza, kwa maana habari za kisiwa hicho ni habari za mashindano baina ya watu wanaotaka ardhi isimame na ardhi isiyokubali kusimama.

Kwanza nikupitishe kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili, kama nilivyopitishwa mimi na mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa hifadhi. Tulianza ufuoni. Mchanga wa huko si mweupe kama wa kwetu. Rangi yake inakaribia ile ya mtama uliopepetwa. Maji hayajai wala kupwa kwa kiasi cha kwetu, lakini mawimbi hayana mwamba wa kuyavunja nje, basi huja na nguvu zake zote na kuanguka mbele ya miguu yako. Juu ya alama ya maji makuu hakuna kitu isipokuwa mashimo ya kaa wa mchangani, ambao hukimbia upande kama kaa wote ulimwenguni. Kisha huanza matuta ya mchanga. Juu ya matuta humea aina ya majani marefu, magumu, yenye tabia ya ajabu: yakifunikwa na mchanga hayafi, bali huota juu zaidi na kutoa mizizi mipya. Kila upepo unapowaletea mchanga, hayo huushika. Na kadiri yanavyoushika ndivyo tuta linavyokua. Lakini ukiyakanyaga mara chache tu hukatika na kufa, na pale yalipokufa upepo hufungua njia. Ndiyo maana mgeni haruhusiwi kupanda matuta ila katika njia zilizowekwa.

Nyuma ya matuta ukali wa upepo wa chumvi hupungua. Hapo pana vichaka vifupi, vilivyokatwa sawasawa juu kana kwamba kinyozi amevipitia. Ni chumvi ya bahari inayoua kila tawi linalothubutu kuchungulia juu ya tuta. Halafu pana msitu wa misonobari, wenye kivuli na mbu wengi kupita kiasi. Mimi nimeonja mbu wa mitaa mingi ya pwani yetu, lakini wale wa Assateague katika mwezi wa Septemba sijaona mfano wao. Mwisho, mbele ya hori, msitu hushuka na kuwa kinamasi cha maji ya chumvi, uwanda mpana wa nyasi za kijani ambao maji huingia na kutoka mara mbili kila siku. Kinamasi hicho ni kwa watu wa huko kama mikoko ilivyo kwetu: vitoto vya samaki na vya kaa hulelewa ndani yake, na ndege wasiohesabika hula humo.

Yamkini umekwisha kujiuliza juu ya farasi, kwa sababu Assateague husifika kwa farasi wake kuliko kwa jambo jingine lo lote. Naam, wako, tena hutembea watakavyo, ufuoni na barabarani na katikati ya mahema ya wageni. Ni wafupi na matumbo yao yamejaa kama ya punda mwenye mimba. Sababu yake ni chakula: hula nyasi za kinamasi zenye chumvi nyingi, basi hulazimika kunywa maji zaidi kuliko farasi wengine. Huko husimuliwa kwamba mababu zao waliogelea kutoka katika jahazi la Wahispania lililovunjika. Ni kweli kuwa meli moja ya Kihispania, La Galga, iliangamia huko mwaka wa 1750. Lakini maelezo ambayo watu wa hifadhi huyakubali zaidi ni mepesi, nayo hayana merikebu. Katika karne ya 17 wenye mifugo wa bara waliwapeleka wanyama wao kisiwani ili wasigharimike kujenga nyua wala kulipa kodi ya mifugo. Bahari ilikuwa ua wa bure. Mimi napenda maelezo haya ya pili kuliko ya kwanza, kwani yananuka binadamu.

Leo farasi hao ni makundi mawili, na ua umewekwa mpakani mwa majimbo ili yasichanganyike. Kundi la Virginia ni mali ya kikosi cha watu wa kujitolea wanaozima moto katika mji wa Chincoteague, ulio juu ya kisiwa kidogo jirani. Tangu mwaka wa 1925, karibu kila mwaka katika mwezi wa Julai, farasi hukusanywa wakavushwa mlango wa maji kwa kuogelea mbele ya umati mkubwa, na kesho yake watoto wao huuzwa kwa mnada, fedha zikasaidia kikosi hicho. Kundi la Maryland huachwa kama wanyama wa mwitu. Lakini huko nako wingi ulileta taabu: farasi 28 waliohesabiwa mwaka wa 1968 waliongezeka mpaka wakapita 150, nao wakawa wanakula kinamasi na majani yale yanayoshika matuta. Tangu mwaka wa 1994 walinzi huwapiga majike vishale vyenye dawa ya kuzuia mimba, na hesabu imeshuka bila ya kumwua hata mmoja. Mgeni huamriwa akae mbali nao kiasi cha futi 40. Watu wengi hawatii. Humpa farasi mkate wakapata picha, na wengine hupata teke.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Yule mzee, tulipokuwa tukirejea kwa njia ya ufuoni siku moja baada ya dhoruba, alinionyesha mahali ambapo mawimbi yalikuwa yameondoa mchanga na kufichua tabaka la udongo mweusi, laini, uliojaa mizizi iliyokufa. Akaniuliza huo ni udongo gani. Nikaunusa, nikajua: ulikuwa udongo wa kinamasi. Lakini kinamasi, kama nilivyokueleza, kipo nyuma ya kisiwa, upande wa hori. Kimefikaje mbele, usoni pa bahari kuu?

Jibu lake ni kwamba kinamasi hakikwenda po pote. Ni kisiwa kilichokipita juu. Dhoruba kubwa inapokuja, mawimbi huvuka matuta yakachukua mchanga wa mbele na kuutupa nyuma, juu ya nyasi na ndani ya hori. Ufuo hupungua mbele, nchi huongezeka nyuma. Nyasi huota juu ya mchanga mpya, matuta huanza upya, na baada ya miaka mingi kisiwa chote kimejiviringisha kuelekea bara, mfano wa mtu anayekunja na kukunjua mkeka huku akisogea. Maelfu ya miaka iliyopita, wakati barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini sana kuliko sasa na pwani ilikuwa mbali mashariki. Bahari ilipopanda, visiwa hivi vilipanda nayo kwa kurudi nyuma. Visiwa vya mchanga vilivyobaki ni vile vilivyoweza kurudi.

Tena mchanga husafiri kwa urefu pia. Mawimbi huupiga ufuo kwa mshazari, na kila wimbi husogeza chembe kidogo kuelekea kusini. Katika ncha ya kusini, upande wa Virginia, uko mnara wa taa uliowashwa mwaka wa 1867, wenye urefu wa futi 142. Ulisimamishwa badala ya mnara mfupi wa mwaka wa 1833, mahali palipokuwa karibu na mwisho wa kisiwa, ili manahodha wauone wakijihadhari na mafungu. Leo ukipanda juu yake utaona kuwa kisiwa kimeendelea mbele yake maili kadhaa, kikajikunja kama ndoana. Mnara haukusogea hata inchi moja. Nchi ndiyo iliyoondoka na kumwacha mlinzi wake nyuma.

Karibu na mnara huo palikuwa na kijiji. Watu wake waliishi kwa samaki na chaza waliotoka katika ghuba iliyo ndani ya ile ndoana ya mchanga. Halafu mtu mmoja akanunua sehemu kubwa ya ardhi iliyowazunguka, akaweka ua, akakataza watu kukatiza ardhini mwake kwenda ghubani. Walipozuiwa kuifikia bahari, kijiji hakikuwa na maana tena. Katika miaka ya 1920 wakazi walihama. Baadhi yao walizipakia nyumba zao nzima nzima juu ya matishari wakazivusha mpaka Chincoteague. Nimekiandika kisa hiki kwa sababu ningependa ujue kwamba ukimya wa kisiwa kile, ambao wageni huusifu sana, haukuletwa na maumbile peke yake. Sehemu yake ililetwa na ua.

Mwaka wa 1933, mwezi wa Agosti, kimbunga kilivunja njia ya maji mahali ambapo zamani kisiwa kilikuwa kimeungana na nchi ya kaskazini, karibu na mji wa pwani uitwao Ocean City. Watu wa mji walifurahi, maana walipata mlango wa kupitishia mashua za uvuvi kutoka horini kwenda bahari kuu. Kwa kawaida mlango wa namna hiyo hujaa mchanga ukazibika au ukahama. Wahandisi wa jeshi hawakuuacha ufanye hivyo. Walijenga kuta za mawe kuingia baharini pande zote mbili, na mlango ukabaki wazi mpaka leo.

Basi fikiri, msomaji. Mchanga unasafiri kutoka kaskazini kwenda kusini, kisha unakutana na ukuta. Ulisimama pale, ufuo wa Ocean City ukanenepa. Na Assateague, iliyokuwa ikilishwa na mchanga huo, ikanyimwa chakula. Ncha yake ya kaskazini ilirudi nyuma kwa kasi isiyo ya kawaida, hata leo anayetazama kutoka angani huona kuwa nchi mbili zilizokuwa mstari mmoja zimeachana, moja mbele na moja nyuma. Tangu mwaka wa 2004 meli za kuchimbua mchanga huchota mchanga uliokusanyika karibu na mlango na kwenda kuumwaga mbele ya Assateague, mara mbili kila mwaka. Yaani sasa binadamu hulipa mshahara wa kazi ambayo wimbi lilikuwa likiifanya bure.

Hata hivyo jaribio kubwa lilikuwa bado. Katika miaka ya 1950 wenye mali waliipima sehemu ya Maryland wakaikata viwanja kwa maelfu. Walitengeneza barabara ya lami kufuata urefu wa kisiwa, wakaipa jina la fahari, Baltimore Boulevard, na wakavitangaza viwanja kwa watu wa miji mikubwa waliotamani nyumba ya mapumziko mbele ya bahari. Watu walinunua. Ukiona ramani ya viwanja hivyo, mistari yake imenyoka, pembe zake ni sawasawa, kana kwamba ni mtaa wa Nairobi. Nyumba chache zilikuwa zimekwisha kusimama, na daraja lilikuwa likingojewa.

Tarehe 6 Machi 1962 dhoruba ilifika, ikakaa hapo mpaka tarehe 8. Haikuwa na kasi ya kimbunga kikubwa, lakini ilikataa kuondoka. Nayo ilikuja wakati wa bamvua, mwezi mwandamo, wakati maji yanapojaa kupita siku nyingine. Watu wetu wa Lamu na Pate wataelewa maana ya maneno hayo bila ya kufafanuliwa. Bahari ilijaa mara tano mfululizo upepo ukiisukuma, na kila mara ilianza pale ilipokuwa imeishia. Ilikivuka kisiwa kutoka mbele hadi nyuma. Ilipopungua, nyumba karibu zote hazikuwapo, na barabara ya lami ilikuwa imekatika vipande vipande na kufukiwa. Wenye viwanja walibaki na hati, na katika baadhi ya viwanja hivyo mlikuwa na maji.

Watu wa hifadhi za taifa walikuwa wamekipendekeza kisiwa hiki tangu miaka ya 1930, wakaambiwa kuwa ardhi yake imekuwa ghali. Sasa mambo yaligeuka. Tarehe 21 Septemba 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyokifanya Assateague kuwa hifadhi ya taifa ya ufuo, na serikali ikaanza kuwalipa wenye viwanja ili ivichukue. Usidhani wote walikubali kwa moyo mweupe. Wako waliotaka kujenga tena, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mali waliinunua kwa haki, na mji wa jirani uliruhusiwa kujenga juu ya mchanga uleule. Hata sheria yenyewe haikuwa imeamua vizuri, kwani ilitaka pia barabara ipitishwe kisiwani kutoka Chincoteague hadi Maryland, na mahali pa kujengwa nyumba za wageni. Barabara hiyo haikujengwa. Watu walipinga mwaka baada ya mwaka, na mnamo mwaka wa 1976 Bunge likavifuta vifungu hivyo. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo hifadhi ilipozaliwa kweli. Siku ya sahihi ilikuwa siku ya posa tu.

Mji wa Ocean City uko upande wa pili wa mlango ule wa maji, nao ni mfano wa njia nyingine. Una majumba marefu yaliyosimama ukingoni mwa ufuo, na kwa kuwa majumba hayawezi kurudi nyuma, ufuo hauna ruhusa ya kurudi. Kila baada ya miaka kama minne hivi, mchanga huchimbwa kutoka chini ya bahari na kupigwa kwa mabomba hadi ufuoni kwa fedha nyingi. Sisemi kuwa watu wa mji huo ni wajinga. Mji huo ni riziki ya maelfu, na mtu akikwisha kujenga hana budi kulinda. Lakini usiku, ukisimama kwenye ncha ya Assateague, waweza kuona taa zao na kusikia mawimbi yaleyale yakivunjika mahali penye giza na mahali penye taa, na utajua ni upande gani unaodaiwa.

Katika hifadhi kazi hufanywa kwa namna isiyo na fahari. Upande wa Virginia, maegesho ya magari yaliyo karibu na ufuo hayakutiwa lami. Yametandikwa udongo na makombe yaliyopondwa, kwa sababu dhoruba itayachukua, na makombe ni rahisi kuyarudisha kuliko lami. Yako majengo ya kuogea na vyoo vinavyoweza kuondolewa bahari inapotishia. Nilikwenda huko wakati wa baridi, nikakuta mchanga umefunika sehemu ya maegesho kwa kimo cha magoti, na mtu mmoja na trekta lake akiurudisha polepole bila ya hasira. Hata hivyo uvumilivu huo una mwisho. Wenye hifadhi walipanga kuyasogeza maegesho hayo kama maili moja na nusu kaskazini, mahali ambapo kisiwa kina upana zaidi. Wafanya biashara wa Chincoteague walinung'unika kwa muda mrefu, wakahofu kuwa nafasi ya magari ikipungua wageni watapungua, na wageni ndio samaki wao siku hizi. Jambo hilo halikuwa la mzaha kwao, na anayelizungumza kana kwamba ni baina ya watu wema na watu wabaya hajakaa katika mji unaoishi kwa wageni.

Mchanga ule uliofagiwa na dhoruba una mpenzi wake pia. Yuko ndege mdogo wa pwani, mwenye rangi ya mchanga mkavu na ukosi mweusi shingoni, ambaye hutaga mayai yake pasipo kiota cha maana, juu ya mchanga mtupu uliotapakaa vipande vya makombe. Hapendi nyasi, maana nyasi humficha adui. Hutaka uwanda mweupe ulio mpya, na uwanda huo hauletwi ila na maji yanayovuka matuta. Tangu mwaka wa 1986 sheria ya Marekani imemweka katika hesabu ya viumbe walio hatarini, kwa kuwa fuo nyingi alizokuwa akitaga zimejengwa au zimejaa magari na mbwa. Anapotaga, sehemu za Assateague hufungwa kwa kamba mpaka makinda yaweze kuruka. Nilimtafuta kwa darubini karibu saa nzima, naye alikuwa mbele yangu muda wote. Akasogea hatua tatu, akasimama, akapotea tena katika rangi yake.

Lamu pia tuna matuta. Hayako juu ya kisiwa cha kinga kama Assateague, lakini ni mchanga ulioletwa na upepo, nayo huanza kijijini Shela na kufuata ufuo mrefu kuelekea Kipungani. Mgeni huyaona kuwa mandhari. Mwenyeji huyajua kuwa mtungi. Mvua inaponyesha juu yake haitiririki. Huzama, huchujwa, na kukaa chini yake ikielea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Visima vilivyochimbwa hapo ndivyo vilivyounywesha mji wa Lamu tangu zamani. Maji ya namna hiyohiyo ndiyo wanayokunywa farasi wa Assateague katika madimbwi yaliyo nyuma ya matuta. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda. Ukijenga juu yake na kuchimba mashimo ya vyoo, uchafu hushuka kwa njia ileile inayoshukiwa na mvua. Watu wa Shela na Lamu wameyasema haya kwa miaka mingi katika mabaraza na katika ofisi za ardhi, kila palipozuka habari ya viwanja.

Nilipofika Shela mara ya mwisho nilipanda kwa miguu kupita nyumba za mwisho, wakati wa kusi, mchanga ukipeperuka chini chini na kuuma vifundo vya miguu. Nyuma ya tuta la kwanza nilikuta vigingi vya mbao vimepigwa mstari, na kamba ya nailoni imefungwa kutoka kimoja mpaka cha pili. Sikuona mtu wa kumwuliza ni vya nani. Vitatu vilikuwa wazi. Cha nne kilikuwa kimefukiwa hadi karibu na kichwa, na kamba yake iliingia mchangani ikapotea.